Tegu hakuandika Mambo ya Walawi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu la Jumapili hupita mikono miwili kabla ya kunifikia. Hulinunua mwenye duka, akimaliza humpa fundi cherehani wa barazani kwake, na jioni fundi huniletea mimi. Likitoka kwangu huenda kwa mama wa maandazi. Safari hii mama wa maandazi amekosa karatasi. Nimelizuia gazeti mezani siku ya tano sasa, kwa sababu ya ile makala ya nusu ukurasa inayoeleza kwa nini Wayahudi na Waislamu walikatazwa nguruwe.

Mwandishi wenu anasema jibu ni jepesi: minyoo. Wazee wa Mashariki ya Kati waliona wala nguruwe wanaugua, wakaweka katazo, wakalivika joho la dini ili watu watii. Leo, anaendelea, tuna friji, tuna gesi, tuna daktari wa mifugo, kwa hiyo sababu imekwisha. Halafu karibu na mwisho kaandika kwamba asiyegusa nguruwe hana haja ya kumhofia tegu wa kichwani, yaani yule mnyoo wa nguruwe akifika kwenye ubongo. Hayo ya mwanzo ningeyaacha yapite, maana nimeyasikia kwenye mabasi na kwenye misiba tangu nikiwa binti. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonitafutisha kalamu.

Mimi ni mkaguzi wa nyama mstaafu. Nilisoma chuo cha mifugo Mpwapwa, nikaanza kazi mwaka 1984, nikastaafu 2018. Miaka mingi nimeitumikia Iringa na vijiji vyake, na mitano nilikuwa Dodoma. Kwetu ni Wakatoliki, nguruwe tunakula, na nyumbani kwa baba yangu banda lilikuwa nyuma ya jiko. Nayasema haya ili ijulikane sina shamba la kutetea katika ugomvi huu.

Kumkagua nguruwe akiwa hai kunataka watu watatu na kelele nyingi. Wawili wanamlaza ubavu, wa tatu anamwekea mti mgumu katikati ya taya asiweze kufunga mdomo. Unaushika ulimi kwa kitambaa, kwa kuwa unateleza, unauvuta nje, halafu unapitisha kidole gumba upande wa chini, taratibu, kutoka shinani hadi nchani. Ulimi mzima hauna kitu. Wenye tegu, kidole kinakutana na punje. Ukiugeuzia kwenye mwanga unaviona vifuko vyeupe vyenye majimaji, kila kimoja kama punje ya mchele au kikubwa kidogo. Wafugaji wanazijua punje hizo kabla yangu. Nimewahi kukuta ulimi umetobolewatobolewa kwa sindano usiku wa kuamkia ukaguzi, mwenye mali akisema nguruwe wake kala miiba.

Nyama ikikutwa hivyo inazikwa. Mara moja tulizika nguruwe mzima saa kumi jioni, tukammwagia mafuta ya taa, tukashindilia udongo kwa miguu. Alfajiri shimo lilikuwa wazi na halina kitu. Siku ile sikuuliza nani kanunua wapi, nilipanda baiskeli nikazunguka vilabu vya pombe nikinusa masufuria kama mbwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba tegu ni hadithi. Nasema tegu hakuandika Mambo ya Walawi.

Kisu nilichokata nacho bega la nguruwe ndicho nilichokata nacho shavu la ng'ombe. Ng'ombe naye ana tegu wake. Mkaguzi anachana misuli ya taya, anachana moyo, anatafuta punje zilezile. Anakata tezi akitafuta kifua kikuu. Anafungua ini kutafuta minyoo bapa, na anamwangalia mnyama kabla hajachinjwa, kwani akifa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, huyo ana kimeta, na mwenye kumchuna anaweza kumfuata. Maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi yanaweza kuwa na homa ya brusela, nayo inamlaza mtu miezi. Kama kanuni ingekuwa kwamba mnyama anayeleta ugonjwa asiliwe, orodha ingeanza na ng'ombe na mbuzi, na wala tusingekuwa na mchungaji wa kondoo katika maandiko yoyote.

Mwaka 2007 nilikuwa Dodoma homa ya Bonde la Ufa ilipoingia. Taifa zima waliripotiwa wagonjwa 309, na 144 kati yao walikufa, na mkoa ulioumia kuliko yote ulikuwa huohuo niliokuwamo. Virusi vile vinabebwa na mbu, lakini wengi waliviokota kwenye damu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakati wa kuchinja na kuchuna. Wanyama halali kwa dini zote, wamechinjwa na mkono wenye kisomo, shingo imeelekezwa kibla. Mabucha yalifungwa. Watu wakakimbilia kuku, samaki na, Mhariri ukipenda uamini, kitimoto. Majuma yale niliwaona wateja wapya wengi kwenye vibanda vya nguruwe, wengine wakiwa wamejifunika kanga hadi puani. Kuliko nyama zote zilizokuwa mjini, ya nguruwe ndiyo iliyotutia hofu ndogo.

Sasa turudi kwenye maandiko yenyewe, maana mwandishi wenu kayataja bila kuyafungua. Walawi sura ya 11 haisemi popote kwamba nguruwe anaumiza tumbo. Inasema mnyama wa kuliwa awe na kwato zilizopasuliwa na awe anacheua. Nguruwe ana kwato lakini hacheui, basi ametoka. Katika mistari hiyohiyo wametoka ngamia, wibari na sungura, kwa kuwa wao wamehesabiwa wanacheua lakini kwato hawana. Ngamia ana tegu gani? Na kama jangwa lilifundisha kwamba ngamia ni hatari, mbona Waarabu wa jangwa hilohilo wanamla mpaka leo na dini yao inaruhusu? Upande wa majini wakatoka wote wasio na mapezi na magamba. Jirani yangu Msabato hanunui kambare hata wa bure, wakati kambare wa bwawa la Mtera anayeletwa sokoni kwetu angali anapigapiga mkia ni salama kushinda perege aliyekaa juani tangu asubuhi. Wakati huohuo kule pwani mtu anaswali swala tano na anakula pweza wake kwa ndimu bila wasiwasi.

Kuna mstari mmoja ambao kwangu unamaliza shauri lote. Ni Kumbukumbu la Torati 14, aya ya 21. Wana wa Israeli wanaambiwa wasile nyamafu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe. Sawa, hapo mkaguzi anapiga makofi. Lakini endelea kusoma: waruhusiwe kumpa mgeni aliye malangoni mwao ale, au wamuuzie mtu wa taifa jingine. Mimi nikikuta nyama ina kimeta siwezi kuandika kwenye kitabu changu, "Isiliwe na wenyeji, wauziwe wapita njia." Ningefungwa. Sheria hiyo haisemi habari ya vijidudu. Inasema nani ni nani. Nyinyi mmetengwa kwa ajili ya Mungu, na meza yenu itaonyesha hivyo.

Mwenzangu kazini kwa miaka tisa alikuwa mtu wa Pangani, mkubwa kwangu, muumini wa kweli. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watoto Kurani jioni. Wengi walishangaa kwamba alikagua nguruwe. Alikuwa akisema ameajiriwa na serikali, na serikali ina wala nguruwe. Aliwakagua vizuri kunishinda, maana mimi kuna siku nilichoka. Pembeni ya bomba la machinjio alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake udongo safi aliouchekecha mwenyewe. Akimaliza nguruwe wa mwisho anavua glavu, ananawa mara saba, na mojawapo ya hizo saba kwa udongo, kama madhehebu yao ya Shafi yanavyotaka. Dawa ya kuua vijidudu ilikuwa pale pale juu ya ukuta, nayo alitumia, lakini baada ya udongo, na kwa kunawa kwingine.

Siku moja kijana wa mazoezi akamuuliza, "Mzee, nyinyi hamli nguruwe kwa ajili ya minyoo, siyo?"

Mwalimu alikuwa ameushika ulimi. Akasema, "Minyoo naikuta kwa ng'ombe, mwanangu, na ng'ombe namla. Sili nguruwe kwa sababu nimeambiwa nisile. Hebu shika huo mti vizuri."

Baadaye aliniambia kwamba maneno ya minyoo yanamkera kuliko kejeli. Mwenye kejeli anajua kwamba ni jambo la imani. Mwenye minyoo anataka kukusaidia imani yako, kama vile inachechemea na anaitafutia fimbo, na siku fimbo ikivunjika atakwambia sasa kaa chini. Ndivyo mwandishi wenu alivyofanya: kaipa dini sababu ambayo haikuiomba, kisha kaibatilisha sababu aliyoitoa mwenyewe.

Sababu yenyewe ni changa. Mwaka 1835 kijana James Paget, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, aliona chembe ndogo kwenye misuli ya maiti, akatambua ni viminyoo, vile tunavyoviita trikinela. Hadi mwaka 1860, kule Dresden, ndipo Friedrich Zenker alipoonyesha kwamba mtu anavipata kwa kula nguruwe. Na tegu? Mjerumani mwingine, Friedrich Küchenmeister, alitaka kuhakikisha kwamba zile punje za kwenye nyama ndizo zinazokuwa tegu tumboni. Mwaka 1855 alimlisha punje hizo mfungwa aliyehukumiwa kifo, zimefichwa kwenye chakula chake bila yeye kujua, na baada ya kuuawa wakampasua wakakuta tegu wachanga utumboni. Nilipofundishwa kisa hicho Mpwapwa sikula chakula cha jioni. Ndiyo kusema elimu hii ya minyoo, ambayo eti Musa alikuwa nayo, wanasayansi wa Ulaya waliipata kwa njia hiyo ya aibu baada ya miaka elfu tatu hivi.

Mtu atasema wazee hawakujua jina la mnyoo lakini waliona punje kwa macho. Waliziona, ni kweli. Walioacha maandishi ni Wayunani. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba nguruwe hupata vijiwe kama mvua ya mawe, na akaeleza kwamba mahali pa kuviangalia ni chini ya ulimi. Chini ya ulimi, Mhariri! Kazi niliyolipwa mshahara nayo miaka 34. Na Wayunani hao walioona punje waliendelea kula nguruwe na kuwatolea miungu yao. Waliomkataza nguruwe hawakuandika neno kuhusu punje, na walioandika kuhusu punje hawakumkataza.

Hata daktari mkubwa wa Kiyahudi, Musa bin Maimuni, anayejulikana kwa wazungu kama Maimonides, aliyetibu watu wa ikulu ya Salahuddin kule Misri miaka ya 1100, alipotafuta sababu ya afya hakusema minyoo. Alisema nyama ya nguruwe ina unyevu kupita kiasi, na kubwa zaidi, mnyama mwenyewe ni mchafu: wakiruhusiwa, masoko na nyumba zitakuwa chafu kuliko vyoo, kama ilivyo kwa Wafaranga, yaani watu wa Ulaya. Hapo kuna kitu. Mwenye kufuga nguruwe mjini ajue kwamba daktari yule hakukosea sana kuhusu uchafu. Lakini hata yeye alikuwa anatafuta sababu ya sheria iliyokwisha kuzeeka, kama sisi.

Sababu za vitendo ninazozikubali nusu nusu ni za mfugaji, siyo za tabibu. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza. Anataka kivuli na tope, na kule kwenye vilima vikavu vyote viwili ni shida. Havuti jembe, hana sufu, maziwa yake hayakamuliwi, na huwezi kumswaga siku kumi kutoka malisho hadi malisho. Anakula nafaka unayokula wewe. Mtu wa mbuzi na kondoo hana njia ya kuishi naye. Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema mifupa ya nguruwe ni michache kwenye vijiji vya vilimani vya Israeli ya kale, na ni mingi kwenye miji ya Wafilisti ya upande wa bahari, kama Ashkeloni na Ekroni. Hapo unaona kitu kinavyoweza kuanza: sisi hatufugi, wale wanafuga, na baada ya vizazi vichache kutofuga kwetu kunakuwa jina letu. Lakini usichukue hilo nalo ukaliita jibu. Misri ni kavu kuliko vilima vile, na wajenzi wa makaburi waliokaa Amarna walikuwa na mabanda ya nguruwe kijijini kwao. Ukame peke yake haukatazi kitu, unakifanya kiwe ghali tu.

Kitu kikishakuwa jina la watu, hesabu zinabadilika. Sisi Wakatoliki tunasoma katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo habari za mzee Eleazari, mwalimu wa sheria, miaka tisini. Mfalme Antioko alikuwa amepiga marufuku dini ya Wayahudi. Wakamfungua mzee mdomo kwa nguvu ale nyama ya nguruwe, akaitema. Rafiki zake wakamnong'oneza alete nyama yake mwenyewe, iliyo halali, ale hiyo mbele ya watu ajifanye ndiyo ya nguruwe. Akakataa, akapigwa mpaka akafa. Mwambie mzee yule kwamba shida ilikuwa ni kupika vizuri.

Nisionekane napinga kila sababu ya vitendo. Miko mingine ukiichunguza unamkuta mtu amekaa nyuma yake. Kwa bibi yangu mzaa mama, mwanamke hakula firigisi, na mwenye mimba hakula yai, kwani mtoto angezaliwa hana nywele. Nilipokuwa na miaka minane nilimwuliza bibi kwa nini babu anakula firigisi na kichwa chake bado kina upara. Nilichapwa. Kazi yangu ya kwanza ilipotoa mshahara wa kwanza nilinunua jogoo, nikamchinjisha, nikaikaanga firigisi peke yake kwenye kikaango kidogo, nikaila nimesimama. Ni ngumu, ina ladha ya chuma kidogo, na mpaka leo siipendi sana. Lakini siku ile nilielewa mwiko huo umetungwa na nani, na yai la mama mwenye mimba lilikuwa linaliwa na nani. Pale hakuna Mungu wala mnyoo. Kuna baba na sahani yake. Hilo tuliite kwa jina lake, na tusilipeleke kwenye kapu moja na Walawi au na sura ya Al-Maida ya Kurani.

Na katazo la nyamafu nalikubali lote kwa mikono miwili, nikitoa ile ruhusa ya kumuuzia mgeni. Kurani inataja aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, aliyeliwa na mnyama mkali. Ni kama orodha ya ukaguzi kabla ya kuchinja. Mwalimu alinisomea aya hiyo ya tatu ya Al-Maida, nami nikamfungulia kanuni zetu, tukacheka. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa damu imebaki mwilini, anaoza upesi, na hujui kilichomuua. Hapo dini na kisu changu vilikutana. Vikutane au visikutane, Mwalimu asingekula.

Tuna sababu ya kuyasema haya kwa uangalifu. Mwaka 1993 vibanda vya nguruwe vilivunjwa Dar es Salaam. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimtoa uhai mchungaji. Nyama kwetu si jambo la nusu ukurasa wa kujaza Jumapili.

Sasa ile sentensi ya mwisho. Tegu wa nguruwe ana nyumba moja tu ya kuzalia mayai, na nyumba hiyo ni utumbo wa binadamu. Mtu anakula nyama yenye punje, haikuiva, tegu anakua ndani yake. Mtu huyo anakwenda haja porini, mayai yanatoka na choo, nguruwe anayezurura anayala, na punje zinaota kwenye misuli yake. Hayo yote mwandishi anayajua. Asilolijua ni kwamba mayai hayachagui nguruwe. Binadamu akiyameza, kwa maji, kwa mboga, kwa mkono wa mpishi asiyenawa, punje zinaota kwake yeye, na zikiota kwenye ubongo zinaleta kifafa. Ili umpate tegu huyu tumboni lazima ule nguruwe. Ili upate punje kichwani huhitaji hata kumjua nguruwe kwa sura. Unahitaji jirani mwenye tegu asiye na choo.

New York mwaka 1992 madaktari walitoa taarifa ya wagonjwa wanne wa jumuiya ya Wayahudi wenye kushika sana dini, watu ambao nguruwe hajawahi kufika jikoni kwao. Walikuwa na punje kwenye ubongo. Wakafuatilia, wakafika kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kilatini, waliokuwa wakiwapikia. Hakuna mtu aliyevunja sheria ya chakula katika nyumba zile.

Na hapa kwetu sihitaji kwenda New York. Wilayani Mbulu walipokagua ndimi za nguruwe 770, wenye punje walikuwa asilimia 17 na ushee, na taarifa ikachapishwa mwaka 2004. Nguruwe hao hawakujipaka wenyewe. Kila punje ile ilitoka kwenye kinyesi cha mtu.

Mtaani kwangu kuna familia ya Kiislamu, baba dereva wa lori, mama anashona vitambaa. Mwaka juzi mama alianguka sokoni mbele ya sanduku la nyanya, mwili ukitetemeka, povu mdomoni. Watu walisimama mbali, mmoja akasema amerogwa. Alikuwa na miaka 36 na hajawahi kuanguka. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa za kifafa ikamrudisha. Ya pili ilimpiga picha ya kichwa. Alipoambiwa ni tegu wa nguruwe alilia kwa aibu kabla ya kulia kwa ugonjwa. Mume akanijia usiku, kasimama mlangoni hataki kukaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ndiye mtu wa nyama. Mke wangu amekula nini ambacho sikijui?"

Nilimkalisha. Nilimchorea kwenye daftari la mjukuu: mtu, kichaka, bustani, mchicha, mkono, mdomo. Sikuchora nguruwe kabisa. Aliiangalia picha muda mrefu, akaniomba ile karatasi, akaondoka nayo. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita bila yeye kuzungumza na mkewe vizuri. Sasa Mhariri, mtu huyo akisoma Jumapili kwamba asiyegusa nguruwe hana haja ya kuhofia, atafanya nini na karatasi yangu?

Mchicha tunaokula mtaa mzima unalimwa bondeni. Juu ya bustani ile kuna nyumba tatu, na mojawapo haikuwa na choo tangu nimehamia. Mwaka jana nilikwenda na yule dereva kuzungumza na mwenyewe. Tulikaribishwa ulanzi, yeye akanywa soda, na hatukutaja dini ya mtu. Sasa shimo limechimbwa na tofali zimefika magotini. Bati zimelala ukutani tangu Februari, fundi anadai alfu thelathini zake za mwanzo.

Mkaguzi wa nyama mstaafu,
Iringa